Injini Moja kwa Watu Wawili

Mimi na mume wangu tulibishana kwa majuma mengi juu ya ukubwa wa injini, na kilichofanya mabishano yasiishe ni kwamba kila mmoja alikuwa anamtetea mwenzake. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mrefu mwenye mabega mapana, ambaye huinamisha kichwa mlangoni hata pale ambapo mlango unamtosha. Mimi ni mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule moja hapa Dilala, mtaa mmoja wa Kolwezi. Wanafunzi wangu wa darasa la mwisho karibu wote wananipita kimo, na nikitaka wanisikie uwanjani napanda juu ya benchi.

Tulikutana katika klabu ya waendesha pikipiki wa hapa Kolwezi, wale wanaotoka kila Jumapili baada ya misa kwenda kucheza kwenye njia za mchanga, mbali kidogo na barabara ya malori. Baada ya kuoana hatukuacha. Mwaka ule pikipiki yetu ya zamani ilikuwa imekufa kabisa, na tulikuwa tunatafuta nyingine, klabu ilipotangaza mbio za aina mpya: pikipiki moja, waendeshaji wawili. Mmoja anazunguka mzunguko wa kwanza, anakabidhi, mwenzake anamaliza. Zinakubaliwa pikipiki za porini tu, zenye injini ya mipigo miwili, zile ambazo oili yake unaichanganya ndani ya petroli na moshi wake unanukia hadi nyumba ya tatu.

"Tununue ya mia na ishirini na tano," mume wangu alisema tukiwa tunakula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo jikoni. "Njo ya kimo yako. Iko mwepesi. Hata ikianguka utaiinua weye peke yako."

"Na wewe utaikalia namna gani? Magoti itakufika mu masikio."

"Mi nitajipanga."

"Mu muchanga mutu hajipange. Tununue ya mia tatu, ile inaweza kukubeba."

"Ile itakuua," alisema, na akaacha kula.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Aliponiona navaa viatu asubuhi alikumbuka sababu nyingine ya kuchukua injini ndogo. Mimi nilipomwona akishuka kutoka kazini, mgongo umechoka, mikono ina vidonda vya cheche, nilikumbuka sababu nyingine ya kuchukua kubwa. Sijui kama watu wengine huoneshana mapenzi hivyo. Sisi tulioneshana kwa kukatazana.

Aliyetukatia neno ni mama mmoja wa mjini anayeleta pikipiki zilizotumika kutoka upande wa Zambia. Depo yake iko nyuma ya soko. Ni mama mfupi, mnene, anayefunga kitenge juu ya suruali ya jinzi, na kila pikipiki inayoingia pale anaiwasha yeye mwenyewe kabla hajakubali kuipokea. Alitusikiliza tukibishana mbele yake, mume akionesha ile ndogo ya rangi ya kijani, mimi nikionesha ile kubwa ya rangi nyeupe, mpaka akachoka.

"Baba anataka ya kidogo juu ya mama, na mama anataka ya mukubwa juu ya baba," alisema. "Ni nani atapanda?"

"Sisi wote wawili," nikamjibu.

"Bon. Mupeleke zote mbili ku muchanga siku ya mungu, mupande, kisha murudie hapa. Mi siuzishake pikipiki kwa mutu mwenye hajaipanda. Banarudiaka na kulia."

Basi Jumapili ile tulizipeleka zote mbili upande wa Mutoshi, nyuma ya vilima vya udongo uliotupwa na mgodi wa zamani. Ilikuwa kiangazi, wakati wa baridi na upepo, na vumbi jekundu lilikuwa limekaa juu ya kila jani. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alitufuata na pikipiki yake. Yeye ni dereva wa lori kwenye mgodi wa Mashamba, kijana mwembamba na mwepesi, na katika klabu yetu hakukuwa na mtu wa kumshika. Yake ilikuwa ya mia na ishirini na tano, na alikuwa ameshaandikisha jina kwenye mbio pamoja na rafiki yake.

Mume wangu alianza na ile ndogo. Kwenye ardhi ngumu ilikwenda vizuri, ikipiga kelele kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Ilipofika mchangani ilibadilika. Injini ile nguvu yake yote imekaa juu, kwenye mzunguko mkali. Ukipunguza mafuta kidogo tu, chini hakuna kitu. Chini ya uzito wake ilizama, ikalia, ikazimika. Tulimwona kwa mbali anashuka na kuanza kusukuma. Aliporudi alikuwa amelowa jasho katika baridi ile, lakini bado alikuwa mbishi.

"Ni mi njo muzito," alisema. "Weye itakukubali."

Nikapanda. Ni kweli ilinikubali. Miguu yangu iligusa chini, mikono ilifika bila kunyoosha, na kwenye njia ngumu niliruka juu ya matuta nikicheka peke yangu ndani ya kofia. Lakini mchangani ilinidai kila kitu. Ilinibidi niiweke inapiga kelele muda wote, nibadilishe gia bila kupumzika, nishike na kuachia klachi mpaka vidole vikakakamaa. Kosa dogo, inakufa. Niliwasha tena kwa urahisi, hilo nakiri, kwa mguu mmoja na bila jasho. Nilifika mwisho wa njia nikijua kwamba mzunguko mzima wa mbio ungenimaliza.

Kisha nikaiangalia ile nyeupe. Nilikuwa nimeitetea majuma yote yale kwa ajili ya mume wangu, na sikuwa nimewahi kufikiri sawasawa kwamba siku moja nitaikalia mimi. Kiti chake kilinifikia juu ya kiuno. Mume wangu aliiwasha, akaishika mpaka nikatulia juu yake, ncha za vidole vya mguu mmoja tu zikigusa chini. Sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole, nikaisikia mpaka tumboni.

"Usifungue mafuta mingi," alisema. "Nakulomba."

Niliachia klachi taratibu. Nilitegemea kurushwa. Badala yake ilianza kutembea, kwa utulivu, kama mtu mzima aliyeitwa na anayekuja. Nilipoingia mchangani nilisubiri izame, haikuzama. Niliweka gia ya tatu na kuiacha hapohapo. Nikiongeza mafuta kidogo, inavuta. Nikipunguza, inaendelea kuvuta. Sikuhitaji kupigana na klachi wala kupiga kelele. Injini kubwa, ambayo watu wote walinitisha nayo, ndiyo iliyokuwa pole kuliko ndogo, kwa sababu nguvu yake ilianzia chini kabisa na haikungoja nikosee. Nilizunguka kilima chote, nikazunguka tena, na niliporudi waliponingoja nilikuwa naimba.

Ndipo ilipozimika. Nilishika breki vibaya nikiwa naringa, ikazimika mbele yao. Mume wangu alitaka kuja kuiwasha, nikamwambia angoje. Nikakunjua kiki, kile chuma cha kuwashia kwa mguu, nikaweka mguu juu yake, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Kiki ilishuka nusu, ikagoma, kisha ikarudi juu kwa hasira na kunipiga kwenye ugoko. Nilijaribu tena, na tena. Mguu wangu haukufika chini, na uzito wangu haukuitisha injini ile hata kidogo. Machozi yalinitoka, nusu kwa maumivu, nusu kwa aibu.

Shemeji alikuwa ameegemea pikipiki yake, anatazama. Hakuwa anacheka. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma.

"Shemeji, sheria iko vile: pa kukabidhiana, injini inazimwa, na mwenye anapokea anawasha ye peke yake. Mutu asiikamate. Pikipiki yenye hauwezi kuwasha haiko yako. Mukamate ile kidogo."

Mume wangu aliinama, akaanza kupangusa mchanga kwenye kiki. Nilijua anakubaliana naye na hataki kusema. Nilikaa chini kwenye mchanga, nikakunja suruali, nikautazama ugoko uliokuwa umeanza kuvimba. Nilifikiria ile ndogo, mara ngapi ingenizimikia, jinsi ambavyo mume wangu angeisukuma tena kama alivyoisukuma asubuhi ile, na yeye angesema tu kwamba ni mzito.

"Tunakamata ya mia tatu," nikasema.

"Na kiki?" mume wangu aliuliza.

"Kiki ni kazi yangu."

Mama wa depo alipopokea ile ndogo na kusikia tumechagua nini, alinitazama ugoko kabla ya kunitazama usoni.

"Ilikupiga," alisema.

"Mingi sana, mama."

"Mi pia inanipigaka. Unakanyagaka haraka, weye. Uanze kuibembeleza. Sukuma kiki polepole mpaka usikie pistoni inakuwa nguvu kama ukuta. Ipitishe kidogo ile ukuta, rudisha kiki juu, kisha njo ukanyage. Na usiguse mafuta."

Nikarudi nyumbani na maneno hayo. Kila jioni baada ya shule niliisimamisha pikipiki uani, kati ya kamba za nguo na ukuta wa jirani. Nilijifunza kuusikia ule ukuta wa ndani kwa unyayo, kama unavyogusa ngazi gizani. Lakini kimo bado kilinishinda. Nilipokuwa na mguu mmoja chini, mwingine haukuweza kuishusha kiki mpaka mwisho. Jibu nililipata kazini kwangu, sio uani. Nilikuwa nawafundisha wasichana kuruka juu, nikawa nawaambia kile ninachowaambia kila mwaka, kwamba nguvu haitoki kwenye paja, inatoka kwenye mwili mzima ukiwa juu na ukajiachia uanguke. Nilinyamaza katikati ya sentensi. Wasichana walidhani nimesahau somo.

Jioni hiyo sikukanyaga nikiwa nimesimama chini. Niliegemeza pikipiki ukutani, nikapanda na mguu wa kushoto juu ya kikanyagio chake, nikasimama wima hewani, mguu wa kulia juu ya kiki, magoti yamenyooka. Nikaibembeleza mpaka ukutani, nikaupitisha, nikairudisha kiki juu. Kisha nikajiachia, mwili wote, kama mtu anayeruka kutoka kwenye benchi. Iliwaka. Moshi ulijaa uani, shuka zilizoanikwa zikachafuka, na jirani yetu, mama mmoja mtaratibu wa kanisa la Kiprotestanti, alichungulia juu ya ukuta.

"Imekubali?" aliuliza.

"Imekubali, mama."

"Bwana asifiwe. Sasa uizime, mutoto amelala."

Mume wangu alitoka ndani ameshika kijiko mkononi. Siku iliyofuata alikifungua kiti cha pikipiki, akaikata sifongo yake kwa kisu cha karakana, akakishona upya, chini zaidi. Nilipomuuliza atakaaje yeye na miguu ile, alisema atasimama. Na kweli, mpaka leo anaiendesha akiwa amesimama nusu ya njia.

Siku ya mbio upepo ulivuma tangu asubuhi. Watu walikuwa wamekuja kwa wingi, wengine kwa teksi-moto, zile pikipiki za abiria, kutoka Dilala, wengine kwa miguu. Vijana wachimbaji wa shaba na kobalti walikuwa wamekaa juu ya vilima vya udongo, magunia yao matupu yamewekwa mabegani kwa ajili ya baridi. Mama wauza vitumbua walikuwa wamewasha majiko, na mmoja alikuwa anauza munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa. Mama wa depo alifika pia, akajitafutia jiwe la kukalia karibu na mahali pa kukabidhiana.

Mume wangu alianza. Kwenye sehemu ngumu pikipiki ndogo zote zilimpita, zikiruka na kulia, na rafiki yake shemeji akiwa mbele yao. Nilimwona mume wangu nyuma, amesimama juu ya pikipiki kama mtu anayetafuta ng'ombe waliopotea, bila haraka. Kisha walipotelea nyuma ya kilima, kwenye mchanga, na tukabaki kusikiliza. Sauti nyembamba zilianza kukatika, moja baada ya nyingine. Sauti nzito haikukatika. Alipotokea tena upande wa pili, mbele yake alikuwa amebaki yule rafiki peke yake, na shemeji alikuwa ameshakabidhiwa na kuondoka wakati mume wangu anasimama mbele yangu na kuzima injini.

Alishuka. Uso wake ulikuwa mwekundu wa vumbi, macho tu yakionekana.

"Iko yako," alisema, akarudi nyuma hatua, mikono ameinyanyua ili waamuzi waone haigusi.

Niliisukuma mpaka kwenye tuta dogo nililokuwa nimelichagua mapema. Nikaiegemeza hapo, nikapanda juu ya kikanyagio, nikasikia ukuta, nikaupita, nikajiachia. Iliwaka mara moja. Nilisikia watu wanapiga mluzi nyuma yangu, lakini nilikuwa nimeshaondoka.

Mchangani nilikuwa nyumbani. Gia ya tatu, mikono imelegea, macho mbali. Niliona vumbi la shemeji mbele na nikaliona linakaribia. Kilichonipata kilinipata kwenye mpando wa mwisho, ule unaopita katikati ya vilima viwili. Mwendeshaji mmoja ambaye tulikuwa tunampita kwa mzunguko mzima alianguka mbele yangu kabisa. Nilishika breki nisimkanyage, nikaegemea pembeni, na injini ikazimika. Gurudumu la nyuma lilizama mpaka kwenye ekseli.

Yule aliyeanguka aliinuka, akaniomba radhi, akaivuta pikipiki yake pembeni. Kimya kikawa kikubwa. Juu ya kilima wachimbaji walisimama wote. Mmoja wao akaniita.

"Mama, ngoja, tunashuka kukusaidia."

"Musishuke," nikamjibu. "Musinikamate."

Nilitazama kulia na kushoto. Hapakuwa na tuta, wala ukuta, wala jiwe. Mchanga tu, laini, mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimeishika pikipiki. Mikono yangu ilikuwa kiunoni, na pikipiki ilikuwa imesimama wima yenyewe, imeshikwa na mchanga kama jembe lililochomekwa shambani. Ule mchanga uliotufanya tubishane majuma yote yale ulikuwa umenishikia.

Nikapanda juu ya kikanyagio, taratibu, kama unavyopanda ngazi ya mtu mwingine. Nikasimama juu kabisa. Mara ya kwanza niliharakisha, ikanirudishia, lakini mguu wangu ulikuwa umeshajua kuondoka kabla ya kupigwa. Nilivuta pumzi. Nikaibembeleza mpaka ukutani, nikaupita, nikaacha mwili wote uanguke.

Iliwaka, na kilima kizima kikapiga kelele.

Sasa ilibidi itoke shimoni. Hapo ndipo ndogo ingechimba na kuzama zaidi. Nilishuka, nikasimama kando yake, nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi kidogo kidogo, bega langu likisukuma usukani. Gurudumu halikuzunguka bure. Liliushika mchanga, likapanda, likatoka. Nikakimbia nayo, nikarukia kiti, nikafika juu ya mpando.

Kutoka pale niliona mwisho wa njia, kitambaa cheupe kimefungwa kati ya miti miwili, na kabla yake ule mchanga mzito wa mwisho. Shemeji alikuwa katikati yake. Injini yake ilikuwa inalia juu kabisa na pikipiki inatikisika huku na huku, anaiongoza kwa ustadi ambao mimi sina, lakini haiendi. Nilishuka mpando, sikubadilisha gia, nikapita kushoto kwake. Aligeuza kichwa. Nikavuka kitambaa cheupe nikiwa peke yangu.

Sikumbuki vizuri nilivyosimama. Nakumbuka mume wangu akikimbia, mtu yule mkubwa, na watu wakimpisha. Alinishika mimi na pikipiki pamoja, kwa sababu miguu yangu haikufika chini nami nilikuwa naanza kuanguka. Alikuwa anasema kitu na sauti haitoki. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ananiuliza juu ya ugoko.

Shemeji alifika nyuma yetu, wa pili. Alivua kofia, akaja moja kwa moja kwangu.

"Niliisikia ilizimika," alisema. "Nikasema, bon, imeisha. Kisha niliisikia tena." Akatikisa kichwa, akaanza kucheka. "Shemeji, ile sauti sitaisahau. Iko yako kabisa."

Mama wa depo aliinuka kwenye jiwe lake, akajipangusa kitenge, akapita akiwaambia wanawake wawili waliokuwa karibu kwamba pikipiki ile imetoka kwake, na kwamba mwezi ujao zitakuja nyingine.

Jioni, kabla jua halijazama, tulirudi Dilala. Mume wangu alisema miguu yake imechoka na mimi ndiye niendeshe. Akakaa nyuma yangu, magoti yake yakitokeza kila upande, mikono yake mikubwa kiunoni kwangu, kofia yake juu kabisa ya yangu. Kwenye njia panda ya soko vijana wa teksi-moto walitutazama, wakatupisha, kisha wakaanza kupiga honi, wote kwa pamoja, nami nikaongeza mafuta kidogo, na ile injini ikatuvuta sote wawili bila kubabaika mpaka nyumbani.